Jua Lililokodishwa Cimpunda

Ukungu bado umelala juu ya Ziwa Kivu, na Emérence Nsimire tayari anapuliza makala. Pasi yake ni ile ya chuma, yenye tumbo la moto na mkono wa mti. Anaipulizia nje, mgongo akiupa mlango, ili majivu yateremke na upepo kuelekea bondeni, yasiingie ndani.

Ndani kuna weupe mtupu. Magauni ya Komunyo ya Kwanza yananing'inia kwenye kamba kutoka ukuta hadi ukuta, na mikono yao isiyo na watu inacheza kidogo kila mlango unapofunguliwa. Anayeingia anaweza kudhani kwamba ule ukungu wa ziwa umepanda ngazi za mtaa wa Cimpunda ukamtangulia.

Emérence anarudi na pasi. Kwanza anaipitisha juu ya kitambaa kibovu, anatazama, anakung'uta majivu, anaipitisha tena. Ndipo anapoiweka juu ya nguo ya mtoto.

"Cheche moja tu," anasema bila kuinua macho. "Moja tu, na mutoto wa batu anaenda ku altare na tundu mu robe. Mama yake atanilaani mpaka mwaka ingine."

Leo ni Jumamosi. Kesho, baada ya misa ya pili, zamu yake ya likirimba inafika. Likirimba ni kile chama cha wanawake kuchangiana, kila mara mmoja akabeba fungu lote, na ndicho kinachosomesha, kinachozika na kinachoezeka nyumba katika mji huu. Fungu la Emérence ni dola mia tatu. Hajawahi kushika kiasi hicho mara moja, na halitarudi tena mikononi mwake kabla ya mwaka kuzunguka.

Swali linalomkosesha usingizi ni moja: je, anunue pano?

Pano ndiyo paneli ya sola, kama inavyoitwa hapa Bukavu. Nyumba yake haijaunganishwa na umeme wa mji. Waya unapita juu ya njia, mweusi, mzuri, unaelekea kwa wengine. Miaka yote kumi na tatu aliyoshona Cimpunda ameshona kwa jua la mlangoni na, jua linapozama, kwa buji, yaani mshumaa, uliosimamishwa ndani ya kopo la maziwa.

Buji na nguo nyeupe si marafiki. Nta inadondoka. Moshi unapanda mpaka kwenye dari, unakaa huko, halafu unashuka kimya kimya, mweusi kama kope. Hakuna anayeuona ukishuka.

Emérence ana umri wa miaka arobaini na mmoja. Alizaliwa upande wa Walungu, akafundishwa kushona na masista, akaolewa mjini. Gauni moja la Komunyo linamwachia dola nane akishatoa uzi na makala. Msimu ni mfupi, wa miezi miwili, na unaangukia kwenye mvua, wakati mchana wenyewe una giza la jioni.

"Mtu anafikiri mushonaji anakula mikono," anasema. "Hapana. Mushonaji anakula macho."

Mumewe, Stanislas, ni mlinzi wa usiku katika nyumba moja kubwa ya Muhumba, kule ambako bustani zinateremka hadi majini. Juu ya nyumba hiyo kuna pano nyingi, na taa zake zinawaka mpaka asubuhi juu ya maua ambayo hayasomi wala hayashoni.

"Usiku natembea mu mwanga ya batu kama malaika," anasema Stanislas, ambaye amefika sasa hivi kutoka kazini, koti limelowa ukungu. "Asubuhi narudi mu nyumba ya buji. Lakini minakuambia, ma-pano mi nayajua. Pano yenyewe haina shida. Shida ni batri. Ile ya boss wangu ilikufa mu mwaka ya pili. Ilikufa kimya, hata homa haikufanya."

Kwake yeye jibu ni mabati. Upande wa chumba chao cha kulala mabati yameoza, na mvua ikija sufuria zote za nyumba zinahamia kitandani.

"Bati haina batri," anasema.

"Bati itanishonea nini?" Emérence anamjibu.

"Bati itazuia mvua isishone mbele yako."

Wanacheka wote wawili. Ni ugomvi wa zamani, umezoeleka, kama kiti kibovu ambacho kila mtu wa nyumba anajua kukikalia.

Naye Stanislas ana hoja. Kiti kikubwa cha sola, yaani seti ya pano mbili na batri yake na balbu zake, kinauzwa dola mia mbili sitini. Ukiweka upande mmoja pesa hiyo, na upande wa pili buji na kuchajisha simu kwa jirani, kiti hicho kinajilipa baada ya karibu miaka miwili. Yaani wakati ule ule ambapo batri ya tajiri wa Muhumba ilikata roho.

Kwa hesabu, basi, pano ni hasara. Lakini kuna vitu ambavyo hesabu haivioni, na Emérence aliviona Jumatatu iliyopita.

Siku hiyo alikuja Constantin. Ni kijana mwenye ulimi mtamu anayeuza na kufunga vifaa vya sola karibu na soko la Kadutu, na simu yake haiishi kuita. Alimletea Emérence kiti kikubwa bila pesa, ajaribu nacho mpaka Jumapili.

"Maman, usininunulie maneno yangu," alimwambia. "Kaa nayo. Kula nayo. Ukiipenda, tunazungumza. Ukiichukia, nabeba mugongoni nateremka."

"Na pasi? Itawasha pasi ya courant, ya umeme?"

Hapo Constantin alijikuna kisogo. Sifa yake ni kwamba hakudanganya.

"Pasi hapana, Maman. Pasi ni mulevi. Itakunywa batri yote mbele umalize kola moja."

Emérence alivunjika moyo, maana pasi ndiyo aliyokuwa akiiota. Aliota chuma safi, kisicho na majivu, kinachoteleza juu ya kitambaa cha tetroni kama mtumbwi juu ya ziwa lililotulia. Ndoto hiyo ilikufa mlangoni. Hata hivyo alimruhusu kijana apande.

Hapa msomaji asiyeijua Cimpunda lazima aelezwe jambo. Huku nyumba hazikupangwa kando kando. Zimepandana. Mlango wa jirani wa juu unafunguka sawasawa na paa la jirani wa chini, na kinjia chembamba tu ndicho kinachowatenga. Emérence akiwa chini, haoni kabisa kilicho juu ya nyumba yake. Anayekiona, na kukigusa kwa mkono bila kupanda ngazi yoyote, ni jirani yake, Koko Eulalie.

Koko maana yake bibi; Eulalie ni mjane anayeuza unga wa muhogo. Jumatatu hiyo hakuwepo. Alikuwa amekwenda Nyangezi kuchukua muhogo wake. Constantin alilaza pano zake mbili juu ya mabati, akazikandamiza kwa mawe kwa kuwa lilikuwa jaribio tu, akashusha waya dirishani, akaondoka akipiga mluzi.

Jioni balbu iliwaka.

"Sikupiga kelele," anasema Emérence. "Nilikaa. Nilifikiri mutu ameingia."

Mwanga ulikuwa mweupe, mtulivu, hauchezi. Kivuli cha sindano kilikuwa chembamba kama sindano yenyewe. Aliona uzi ukiingia tunduni mara ya kwanza alipoujaribu. Aliona mistari ya viganja vyake. Kisha akainua macho kwenye kamba, kwenye magauni aliyokuwa amekwisha kuyamaliza, akaona kitu kingine.

Hayakuwa meupe.

Mabegani, kwenye mikunjo, palikuwa na vumbi jepesi la kijivu. Moshi wa buji. Magauni mangapi yalikwisha kutoka nyumbani kwake hivyo, mwaka baada ya mwaka, yakapanda altareni chini ya mwanga wa madirisha ya kanisa? Akina mama hawakuwahi kumwambia. Labda waliona haya. Labda nyumba zao pia zina buji.

"Nilifikiri Mungu peke yake ndiye alikuwa anaona," anasema, na sauti yake inateremka. "Kumbe na mimi nilikuwa naweza kuona. Ilikosekana balbu."

Aliyashusha yote, akayafua upya. Usiku ule, anasema, aliota watoto wakiteremka ngazi za Cimpunda mmoja nyuma ya mwingine, na nguo zao zikawa ndizo zinazomulika njia.

Jumanne jioni mwanga ulikuwa hafifu. Jumatano mvua ilinyesha, naye akasamehe. Alhamisi jua lilipiga siku nzima, jua la kiburi, lile linalotoa moshi kwenye mabati yaliyolowa. Jioni akabonyeza. Balbu ikawa nyekundu kama jicho la mgonjwa, halafu ikazimika.

Hapo hasira ikapanda. Alimpigia simu Constantin, na majirani wote wa kinjia walisikia.

"We mutoto! Uliniletea pano ya kuigiza! Umenionjesha asali ili uniuzie mzinga mutupu!"

"Maman, heshima yako, ile ni kitu ya garantie..."

"Garantie yako ije iniwashie!"

Ijumaa asubuhi Constantin alikuja, amenuna. Alipima batri. Alikagua waya kidole kwa kidole. Kila kitu kilikuwa kizima. "Sasa tupande," akasema, na wakazunguka wote wawili kwa njia ya ngazi, mpaka mlangoni kwa Koko Eulalie.

Koko alikuwa ameinama kizingitini. Mbele yake, juu ya paa la Emérence, palikuwa na shamba la weupe. Vipande vya muhogo vilikuwa vimetandazwa kutoka pembe hadi pembe, juu ya mabati na juu ya pano zote mbili, bila kubakiza hata sehemu ya kuweka sarafu. Alikuwa akivigeuza kwa kiganja, polepole, kama mtu anayewageuza watoto usingizini.

"Yezu wangu!" Constantin alishika kichwa. "Koko, unafanya nini hapa?"

"Naanika. Wewe unaona nalima?"

"Hii ni pano! Ni ya courant!"

"Hii ni sahani ya Maman Emérence," Koko akamrekebisha. Kisha akamgeukia Emérence, akamsalimu kwa lugha yao, uso umekunjuka wote kwa furaha. "Asinge, mwanangu! Nilikuwa nakuja kukushukuru. Nimerudi Nyangezi nakuta umenitandikia bioo byeusi. Inakausha kupita manjanja! Siku mbili tu, muhogo inalia kaa-kaa kama karanga. Nikasema, huyu mama iko na roho."

Manjanja ndiyo mabati. Na Koko hakukosea: kioo cheusi kinameza joto. Kwa maisha yake yote hakuwahi kuwa na kianikio kizuri namna ile.

"Nilitaka kulia," anasimulia Emérence. "Kisha nikacheka. Koko akaniona nacheka, naye akakasirika."

Constantin alianza kuondoa muhogo. Hapo ndipo jambo lilipogeuka.

"Toa mukono!" Koko alimpiga kofi vidoleni. "Hauna mama kwenu? Unagusa mavuno ya batu?"

"Koko, jua ni ya bure. Anika juu ya nyumba yako."

"Juu ya yangu kuna kivuli ya ile etage, ile gorofa refu, hauna macho? Na tena, ya bure ku nani? Mimi nalipa. Hii paa ni bwasa yangu!"

Constantin, mtoto wa mjini, aliangua kicheko. Emérence hakucheka tena.

Kila Mushi, mtu wa kabila la Bashi, aliyelelewa kijijini anaijua bwasa. Ni ile desturi ya mtu asiye na shamba kuomba sehemu kwa mwenye shamba, akalima msimu, akamrudishia kitu kwenye mavuno. Haiandikwi. Inashikwa na neno na kikapu. Na kanuni yake moja haivunjwi: mwenye shamba hawezi kumwondoa mtu ambaye mavuno yake yamesimama. Atangoja.

Miaka yote Koko Eulalie alianika muhogo wake juu ya paa lile, na kila mara ulipokauka na kusagwa, alimteremshia Emérence bakuli la unga. Emérence alilipokea kama zawadi ya jirani kwa jirani. Mwaka Stanislas alipougua mapafu na kukaa bila kazi, bakuli hilo ndilo lililosonga bugali ya nyumba, na Emérence alimwombea Koko katika kila rozari kwa ukarimu wake.

Kumbe Koko hakuwa akigawa. Alikuwa akilipa.

"Miaka yote mi najua nimepewa, yeye anajua amekodisha," anasema Emérence. "Sisi wote wawili Bashi, tunaishi mlango juu ya bati, na hakuna aliyemuuliza mwenzake."

Baba yake mwenyewe alilima kwa bwasa. Anamkumbuka akiondoka nyumbani mwisho wa msimu, kikapu cha maharage kichwani na kibuyu cha kasiksi mkononi, ile pombe ya ndizi, amevaa shati lake la Jumapili. Anakumbuka mwenye shamba alipotaka kujenga, akaja kukaa na baba yake jioni nzima, akaondoka na kungoja maharage yavunwe ndipo apige jiwe la kwanza.

"Sasa mimi nilipiga jiwe juu ya maharage ya mutu," anasema. "Na nilimuwekea kijana amufukuze."

Ni rahisi kusema haya ni mambo ya vikongwe. Wako watakaosema hivyo, wameketi chini ya taa zao. Lakini mji huu umesimama juu ya mteremko unaoteleza, na kinachozuia nyumba zake zisianguke moja juu ya nyingine si saruji, maana wengi hawana saruji. Ni neno. Ni ule ujuzi kwamba aliye juu yako hatakumwagia maji machafu usiku, na aliye chini yako hatachimba ukuta wako. Ukivunja neno kwa ajili ya balbu, utaona vizuri sana, ndiyo. Utaona nini?

Ndiyo maana Jumamosi hii, baada ya kunyoosha gauni la mwisho la leo, Emérence anamwaga makala, ananawa mikono mpaka viwiko, anavaa kitenge kisichokuwa cha kazi. Anachukua kibuyu cha kasiksi alichokinunua jana Kadutu.

"Unaenda kuomba ruhusa ya paa yako mwenyewe?" Stanislas anauliza kutoka kitandani.

"Naenda kumaliza msimu."

"Haya. Umuulize na bei ya mabati yake."

Anapanda ngazi. Ukungu umekwisha kunyanyuka, na chini kabisa ziwa limefunguka, la buluu iliyokolea, na rasi za mji zimejinyoosha ndani yake kama mtu anayenyoosha miguu baada ya safari. Koko Eulalie yuko mlangoni. Anakiona kibuyu. Anasogea kwenye kigoda na kuacha nafasi ya mtu mmoja.

Wanaongea kwanza juu ya magoti ya Koko. Wanaongea juu ya mvua ya Nyangezi, juu ya mchungaji wa mbuzi aliyeoa mara ya tatu. Kasiksi inazunguka. Hakuna anayetaja paa, ingawa wote wawili wamelielekezea uso.

Mwishowe Koko ndiye anayesema.

"Ile sahani yako inafanya kazi gani ya kweli?"

"Inakamata jua, Koko. Inaliteremsha mu nyumba jioni."

Koko anatazama jua, kisha muhogo wake. "Jua ile ile ninaanikia?"

"Ile ile."

"Basi tumegombea embe moja kama batoto," anasema Koko, na kifua chake kinatikisika kwa kicheko.

Emérence anamwambia kila kitu. Anamwambia juu ya moshi mabegani mwa magauni. Anamwambia kwamba hakujua unga ulikuwa bwasa, na kwamba ameona haya. Anaomba sehemu, si paa zima. Anaomba baada ya muhogo huu kukauka, si leo.

Koko anasimama, anashika kiuno, anapima paa kwa macho kama mtu anayegawa shamba kati ya wana wawili.

"Nusu ya chini, chukua. Huko mukono yangu inafika kwa shida. Nusu ya juu ni yangu."

"Nusu inabeba pano moja tu, Koko. Si mbili."

"Basi nunua moja. Mimi nina meno manne, na nyama nakula."

Emérence anamwambia unga asilete tena, sasa wamekuwa sawa. Koko anageuka kwa ghafla, karibu ana hasira.

"Nitaleta! Nusu ya bati, nusu ya bakuli, lakini nitaleta. Siku nikiacha kuleta, batu watasema Eulalie alikuwa anaanika kwa huruma."

"Ee, Koko. Lete."

"Na vumbi ya muhogo juu ya kioo yako, mimi ndiye nitapangusa. Wewe uko kifupi, huwezi kufika. Na umuambie ule kijana wa courant asikanyage unga yangu na viatu byake byenye ncha."

Emérence anajaribu jambo la mwisho. Anamwahidi balbu moja, waya upande kwa Koko. Koko anatikisa kichwa.

"Mi na buji yangu tunaelewana. Nikianza kuona muzuri sana, nitaona na uso yangu."

Jumapili, likirimba ilihesabiwa na kukabidhiwa chini ya wimbo na vigelegele. Constantin alikuja Jumatatu na kiti kidogo cha pano moja, dola mia moja na kumi, akilalamika njia nzima kwamba muhogo umemharibia biashara. Safari hii aliifunga pano kwa miguu ya chuma, imenyanyuka kidogo, ili maji yapite na mkono wa kikongwe upite. Koko alisimamia kazi yote kutoka kizingitini kama mhandisi, akimwita "mukwe" kila alipokosea parafujo.

Pesa iliyobaki ilienda kwenye mabati, upande wa chumba cha kulala. Stanislas aliyagonga misumari mwenyewe, akaimba.

"Nimepata bati na nimepata mwanga," anasema sasa, akijinyoosha chini ya dari kavu. "Batri itakufa, minajua. Ikikufa tutaizika, tutalia kidogo. Lakini mwanamuke aliyekuwa anakodolea buji macho, ameacha kukodoa. Hiyo boss wangu hana."

Je, pano ilistahili gharama yake? Nusu ya mwanga aliouota. Balbu mbili tu. Pasi bado ni ya makala, na asubuhi bado anapulizia nje, mgongo mlangoni. Siku ya mawingu balbu inachoka kabla ya yeye kuchoka. Emérence hafichi lolote katika hayo.

Anaitoa sindano mdomoni. Juu ya mabati unasikika mkono wa Koko ukipangusa, shwa, shwa.

Halafu anaeleza jambo ambalo, anasema, hakulitazamia. Buji inapowaka, inakula. Ukiiwasha unaisikia ikikwambia fanya haraka, ya nani hii, amelipa? Kwa hiyo kwa miaka yote kumi na tatu hakuwahi kushona jioni mshono mmoja ambao haukuagizwa na mtu. Hata nguo za wanawe alizishona mchana, kwa kuiba dakika. Lakini mwanga wa jua ukishateremka ndani ya batri, nawe ukiwa umemaliza kazi za watu nao bado upo, haumdai mtu. Unangoja tu.

Jana jioni alimaliza gauni la mwisho la parokia. Balbu ilikuwa bado imara. Alitaka kuizima kwa mazoea, mkono ukasita.

Kwenye meza yake sasa kuna kipande cha tetroni nyeupe kilichobaki, na juu yake amechora kwa chaki bega la mtoto, kola ya mviringo, na sketi pana kuliko ambavyo mteja yeyote angekubali kulipia kitambaa. Hajui ni ya nani. Mtoto atakayelingana nayo huenda bado hajui kusema Baba Yetu.

"Nitaishona pole pole, jioni kwa jioni," anasema, na anakipitisha kidole juu ya mstari wa chaki. "Ikimalizika nitaitundika pale dirishani. Mama moja atapita na mutoto wake, mutoto atasimama. Huyo ndiye nitamupimia."